Nishani Haina Jina

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo husemwa sana na wenye maduka, lakini mtu aliyeijua ladha yake kuliko wenye maduka wote wa milima ya Taita hakuwa na duka hata siku moja. Alikuwa mkulima wa mahindi na mboga, mtu wa maneno machache, aliyepata kuwa askari wa K.A.R. katika vita vya 1939 hadi 1945. Kitu alichopotelewa kwa ajili ya daftari hakikuwa shilingi. Ilikuwa ni miezi saba ya maisha yake. Na pamoja na miezi hiyo ulipotea ukweli wa kifo cha rafiki yake.

Habari hii yaanzia kwa baba yake. Katika vita vya kwanza nchi ya Taita ilikuwa mpakani pa mapigano, na ni katika nchi hiyo kilima cha Salaita kilipiganiwa mwezi wa Februari 1916. Baba yake alitumika katika K.A.R. siku zile, akarudi na nishani mbili. Moja ilikuwa ya fedha yenye kichwa cha Mfalme. Ya pili ilikuwa ya rangi ya shaba, yenye sura ya mwanamke mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Katika ukingo wa kila moja palichongwa namba yake, cheo chake na jina lake. Mtoto yule alizipapasa herufi zile kwa kidole gumba kabla hajajua kusoma, akakua akidhani kuwa nishani zote za dunia huandikwa jina la mwenyewe.

Mwaka 1942 naye alishuka Voi kujiandikisha, pamoja na rafiki aliyechunga naye mbuzi tangu utotoni. Mama wa rafiki yule aliwasindikiza mpaka njia panda, akamwambia, “Mwanangu, wewe ndiwe mtulivu. Mwangalie mwenzio.” Naye aliitika.

Baada ya mafunzo walipakiwa melini Kilindini, wakavuka bahari mpaka Ceylon. Walifika salama. Wengi waliofuata hawakufika, kwa maana tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani, na watu 1,297 wakafa, miongoni mwao askari wengi wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Huko Ceylon marafiki wale wawili walitenganishwa. Mmoja alibaki na bunduki yake. Mwenzake alihamishiwa kikosi cha matibabu awe mbeba machela. Karani wa kikosi kipya aliandika karatasi mpya ya kumbukumbu, na katika kunakili namba ya askari, tarakimu mbili za mwisho zilibadilishana mahali. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, ingawa hakuna aliyelisikia likilia.

Katikati ya mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilipelekwa Burma, nchi ambayo askari wenyewe waliiita Bama. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika, ambapo majeshi mengine yangengoja jua. Matope yalifika magotini, magari yalizama, na chakula kilitupwa kwa miavuli kutoka angani. Malaria iliwaangusha watu kama risasi zilivyowaangusha. Katika nchi ya namna hiyo majeruhi hakuwa na gari ila mabega ya wenzake. Watu wanne walichukua machela moja, na wawili walifuata nyuma kuwapokea waliochoka.

Usiku mmoja wa Oktoba, njiani kati ya Tamu na Kalewa, mbeba machela yule aliinua kitambaa cha machela aliyopewa akaona uso wa rafiki yake. Alikuwa amejeruhiwa tumboni. Walimchukua tangu saa tatu za usiku hadi karibu na alfajiri, mvua ikinyesha, na kabla ya kufika kwenye hema la daktari akakata roho. Walimzika kando ya njia chini ya mti, wakaweka msalaba wa matawi. Asubuhi jeshi lilisonga mbele. Mwezi wa Desemba Kalewa ilitwaliwa, na juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154, ambalo wakati ule halikuwa na mfano wake kwa urefu miongoni mwa madaraja ya kijeshi ya namna yake. Askari wetu alivuka daraja lile. Lakini mvua ilikuwa imekwisha kufuta kaburi, wala hakuna aliyeweza kuonyesha lilipokuwa.

Alirudi nyumbani mwaka 1946. Kabla ya kuingia kwake mwenyewe alikwenda kwa mama wa rafiki yake, kwa kuwa alikuwa na deni la njia panda. Mama yule alikuwa amepata barua ya Serikali iliyosema kwamba mwanawe amepotea vitani na yadhaniwa amekufa. Neno “yadhaniwa” lilikuwa limemnyima usingizi. Askari alimweleza yote: machela, mvua, mti, msalaba. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akalia. Na jamaa wakaanza kusemezana juu ya matanga.

Ndipo ndugu mkubwa wa marehemu alipoomba kuona cheti cha kuachiliwa jeshini. Akakipeleka madukani kwa kijana ajuaye Kiingereza. Cheti kilisema kwamba mwenye kukichukua ametumika Afrika ya Mashariki na Ceylon. Bama haikutajwa. “Ceylon ni kisiwa,” akasema ndugu yule mbele ya wazee. “Huyu alikaa kisiwani akila wali. Ndugu yangu alipigana bara. Alimwonaje akifa?”

Askari hakuwa na jibu, maana hakujua kusoma Kiingereza, naye alikuwa ameipokea karatasi ile kama mtu apokeavyo dawa kwa mganga. Wengine walinong’ona kwamba ametunga habari ili apewe sehemu ya fedha za marehemu. Mama hakumwita mwongo. Lakini hakukubali tena matanga. Kila jioni aliendelea kuacha nafasi moja mekoni.

Nishani zilipofika baadaye zilithibitisha fitina badala ya kuikanusha. Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ile ya vita ya 1939–45, yenye simba amesimama juu ya joka, ambayo hupewa kila askari aliyetumika siku 28. Ya pili ilikuwa nishani ya ulinzi. Nyota hazikuwamo. Askari waliokwenda Bama walivaa nyota ya rangi ya shaba yenye ncha sita, na utepe wake ulikuwa wa buluu nzito, mstari mpana mwekundu katikati na mistari ya rangi ya chungwa pembeni. Utepe ule ulijulikana kila soko. Yeye hakuwa nao.

Alizigeuza nishani zake, akapapasa ukingo kwa kidole gumba kama alivyofanya utotoni. Ukingo ulikuwa mtupu. Nishani za Waingereza za vita vya pili hazikuchongwa majina ya askari wao. Basi hata kama angeazimwa nyota ya mtu akaivaa, isingekuwa ushahidi wa lolote, kwa sababu nishani isiyo na jina haiwezi kusema ni ya nani. Jina liko katika karatasi. Na karatasi ilimkana.

Miaka kumi na moja ilipita. Kila mwezi wa Novemba, Jumapili ya Ukumbusho, askari wa zamani walikusanyika wamevaa nishani zao, na yeye alishinda shambani akipalilia. Watoto walipomwona walipiga saluti ya mzaha wakimwita “Bwana Ceylon”. Hakuwafukuza.

Mwaka 1957 mpwa wake, kijana aliyekuwa karani wa stesheni, alikuja likizo akamsaidia kubadili makuti ya nyumba. Walipoteremsha vitu darini waliteremsha na sanduku la bati, na ndani yake, chini ya blanketi la jeshi, palikuwa na kitabu kidogo cha mshahara, kimevimba kwa maji na kufanya kutu penye pini. Karani akakifungua kwa desturi ya kazi yake tu. Kisha akanyamaza, akaomba aletewe cheti.

“Mjomba,” akasema, “namba yako ni ipi?”

Mzee akaitaja bila kufikiri, kama askari wote wawezavyo mpaka kufa.

“Hiyo ndiyo iliyo katika cheti. Lakini kitabu hiki kina namba mbili. Ukurasa wa kwanza una namba yako. Ukurasa wa malipo ya Novemba 1944, wenye muhuri wa mlipaji wa jeshi, una namba nyingine. Tazama: saba na nne. Huku ni nne na saba.”

Wale ambao kazi yao ni kalamu watafahamu furaha ya kijana yule, na hofu yake pia. Mara ngapi yeye mwenyewe alikuwa amenakili namba za mabehewa jioni, taa ikififia, akili ikiwa imekwisha kwenda nyumbani? Kama behewa lilikwenda Kisumu badala ya Mombasa, lingerudishwa. Mtu hurudishwaje?

Barua ya kwanza waliyoandika ilikuwa mbaya. Karani alikuwa na hasira, akajaza kurasa nne za malalamiko: jinsi mjomba wake alivyoteseka, jinsi Wataita walivyoaminika, jinsi watoto wanavyomcheka. Ilipitia kwa Bwana D.C., ikafika kwa watunza kumbukumbu, na baada ya miezi miwili ikajibiwa kwa mistari mitatu: kwamba kumbukumbu za askari huyu hazionyeshi kuwa alitumika Burma, na kwa hiyo haki ya nyota haipo.

Kijana akataka kuandika nyingine kali zaidi. Mzee akamzuia. “Ukienda kudai mbuzi,” akasema, “huelezi jinsi unavyompenda. Unasema alama ya sikio lake.”

Basi barua ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja. Haikuomba nyota. Iliomba jambo moja tu: kwamba mtunza kumbukumbu atazame karatasi yenye namba ya pili, aone ni ya nani. Pamoja nayo ziliwekwa nakala za kurasa mbili za kitabu cha mshahara, zilizothibitishwa kwa muhuri wa boma, maana karani alikataa kabisa kupeleka kitabu chenyewe kwa posta. Tena walimtafuta mtu aliyekuwa sajini wa kikosi kile cha matibabu, ambaye baada ya vita alifanya kazi ya dresa katika hospitali moja ya Ukambani. Alikwenda mbele ya hakimu akaapa kwamba mtu huyu alibeba machela pamoja naye tangu Julai 1944 hadi Januari 1945, akataja mahali walipopita kwa utaratibu wake, na katika mambo mengine akataja usiku ule ambapo mmoja wa wabebaji alimkuta rafiki yake katika machela.

Wakati walipokuwa wakikusanya karatasi hizi, jirani mmoja aliyepata kuwa askari alikuja na shauri. “Maadamu jalada limefunguliwa,” akasema, “ongezeni na Uhabeshi. Mtapata nyota ya Afrika pia. Nani atakumbuka?” Nyota ya Afrika ilikuwa haki ya wale waliopigana Somalia na Uhabeshi, walioingia Addis Ababa mwezi wa Aprili 1941 na kumaliza kazi Gondar mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Mzee alikuwa amejiandikisha 1942.

Alimkaribisha jirani uji, akamjibu taratibu: “Mimi nimeitwa mwongo miaka kumi na moja kwa jambo nililolifanya. Sasa wataka niitwe mkweli kwa jambo nisilolifanya? Nikiongeza siku moja isiyo yangu, siku zote zilizo zangu zitaoza pamoja nayo. Na kijana aliyelala kule kando ya njia atarudi kuwa hadithi.”

Jibu lilikuja mwaka 1958, wakati wa kuvuna mahindi. Tarishi aliileta bahasha ndefu ya kahawia, na mzee hakuifungua. Aliiweka juu ya sanduku la bati siku nne mpaka mpwa wake alipopata ruhusa ya kazi. Barua ilisema kwamba namba ile ya pili ilikuwa ya askari mwingine aliyekwisha kuachiliwa mwaka 1943, na kwamba karatasi ya kazi ya Burma, kwa kuwa haikulingana na mtu huyo, iliwekwa kando bila kupelekwa kwa mwenyewe. Jina, kijiji na jina la baba vililingana na vya mlalamikaji. Kumbukumbu zimesahihishwa. Cheti kipya kimeambatishwa. Nyota ya Burma, na nyota ya 1939–45 ambayo miezi yake ya vitani ilimpa haki nayo, zingefuata.

Mpwa alirukaruka uani kama mtoto. Mzee aliomba kuonyeshwa mahali palipoandikwa Burma. Akaweka kidole gumba juu ya neno lile, akakiacha pale kitambo. Kisha akasema, “Hakuna haja ya kungoja nyota. Twende.”

Walipanda mlima jioni ile ile mpaka kwa mama wa rafiki yake. Alikuwa amezeeka sana, na macho yake yalikuwa hafifu. Ndugu mkubwa wa marehemu alikuwapo. Karani alisoma barua kwa Kiingereza kwanza, kama iwapasavyo barua za Serikali, kisha akaieleza sentensi kwa sentensi. Akasoma na kiapo cha dresa, pamoja na maneno ya usiku ule. Alipomaliza, nyumba ilikuwa kimya. Ndugu mkubwa aliomba barua, akaitazama ingawa hakujua kuisoma, akairudisha kwa mikono miwili.

Mama akauliza neno moja tu: “Basi ulikuwapo?”

“Nilikuwapo, Mama.”

“Nieleze tena. Ule mti. Ulikuwa mti wa namna gani?”

Akamweleza tena tangu mwanzo, polepole, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Ilipofika mahali pa msalaba wa matawi mama akainua mkono kumnyamazisha, akageuka mekoni, akakiondoa kigoda kilichokaa pale tangu 1944. Matanga yalikaliwa juma lile. Ndugu mkubwa ndiye aliyetoa ng’ombe, naye ndiye aliyemwomba askari akae mbele, mahali pa ndugu.

Mwaka ule ule, huko Taukkyan karibu na Rangoon, yalizinduliwa makumbusho yaliyochongwa majina ya karibu askari 27,000 waliokufa katika vita vile na ambao makaburi yao hayajulikani. Milima ya Taita iko mbali na Taukkyan, na mama yule asingeweza kwenda kupapasa jiwe. Ushahidi wake ulikuwa karatasi moja, na mtu mmoja aliyerudishiwa haki ya kuaminiwa.

Nyota zilifika baadaye katika kisanduku kidogo cha karatasi. Hazikuwa na jina ukingoni, kama zile za kwanza. Mzee alizivaa Jumapili ya Ukumbusho mara moja, akasimama katika mstari wa nyuma, na baada ya hapo hakuzivaa tena mara nyingi. Kitabu cha mshahara ndicho alichokitunza. Alikifunga katika kitambaa kikavu pamoja na cheti kipya, akakitoa darini akakiweka mahali ambapo mvua haifiki, naye alimwonya kila kijana aliyekwenda kuajiriwa, awe wa jeshi, wa reli au wa shamba la mkonge: “Siku utakayopewa karatasi yako, usiikunje ukaondoka. Kaa chini. Mtafute asomaye akusomee namba moja moja mbele ya yule aliyeiandika.”

Mpwa wake alirudi stesheni kwa kazi yake ya mabehewa. Wenzake waliona kwamba tangu likizo ile alikuwa na desturi mpya. Kila alipomaliza kunakili namba aliisoma tena kwa sauti ya chini kutoka mwisho kwenda mwanzo, hata kama taa ilikuwa imekwisha mafuta na wengine wamekwenda nyumbani. Walimcheka kidogo, naye hakujali. Maana alijua kwamba nyuma ya kila namba huenda pakawa na mama aliyeacha nafasi moja mekoni.